Mwizi wa Tangi Lenye Nafasi

Benchi la kwa Gundi lilikuwa mlango wa mtu. Nani alikuwa mwenye mlango huo, na alihama vipi hata akauacha nyuma, hayo tuyaache, wahusika bado wako hai na wanapita hapo kila siku. Uliwekwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha Gundi fundi viatu, kitasa chake bado kipo, na aliyechelewa ndiye aliyekalia kitasa. Zamani benchi lilikuwa refu, mbao mbili zimeunganishwa, kila mtu na mahali pake, na enzi hizo ndipo Spana fundi bomba na Mzee Mstaafu walipokaribia kushikana mashati kwa ajili ya upande wa kivuli. Ubao mmoja ukaoza, likabaki la mlango peke yake, wakawa wanakaa paja kwa paja. Tangu hapo hakuna aliyesema tena kwamba pale ni pake. Kanuni ilikuwa moja tu: mjadala una umri wa birika. Mama Birika akishatua birika lake la kahawa, kila mdomo uko huru. Likiisha, kila mtu na kazi yake, hata kama neno limebaki nusu ulimini.

Asubuhi hiyo Gundi alishika kikombe lakini hakunywa. Macho yake yalikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe, alipoketi mdogo wake wa kike na begi miguuni. Mtaa mzima ulimwita Shangazi, kwa kuwa watoto wa Gundi walimwita hivyo. Hata wazee wenye mvi walimsalimia "Shangazi, hujambo?" naye ni binti ambaye hata kuolewa bado. Ndani ya nyumba, nyuma ya pazia, mke wa Gundi aligonganisha sufuria kwa ule mlio ambao mume mwenye akili akiusikia hubaki nje.

— Ndiyo kusema kweli anaondoka? akauliza Redio. Huyu hakuwa na kazi inayojulikana. Alikuwa na masikio, na masikio hayo yalimtosha.

— Anaondoka, Gundi akajibu. Binamu yetu yule mwenye gari la mchanga akishashusha huko mbele, anampitia. Nimemwomba mama watoto anipe birika moja nifikiri. Amesema haya, birika moja, kisha mwizi atoke.

— Mwizi ni neno zito, akasema Mzee Mstaafu, akinyoosha mgongo kadiri alivyoruhusiwa na bega la Spana. Alikuwa karani wa mahakama, na mwili wake ndio uliostaafu. Roho ilikuwa bado inaita mashauri. — Tuanze mwanzo. Kilichoibwa ni nini?

— Mzee, unakijua. Mama watoto alipaza sauti jana hapo barabarani, mtaa mzima unakijua.

— Nakijua kama jirani. Sasa nataka kukijua kama baraza.

— Mpe mwanzo, baba, Mama Birika akamwambia Gundi huku akimimina. Huyu asipopewa mwanzo hanywi, na mimi sina nguvu za kurudi na birika limejaa.

Basi Gundi akaeleza, na hata wale waliokuwa wakijua walisikiliza, maana shauri la mtu likisemwa na mwenyewe lina utamu wake.

Mkewe, aliyeitwa Mama Kambale mtaani, alikuwa akitotolesha vifaranga vya kambale katika chumba cha nyuma, kile kilichokuwa sebule kabla viti havijatolewa uani. Mle ndani kulikuwa na matangi ya plastiki yaliyokatwa juu, mipira ya kuingiza maji na ya kuyanyonya, na pampu ndogo ya hewa iliyonguruma mchana na usiku kama paka aliyeshiba. Juu ya matangi lilitandikwa turubai jeusi, kwa sababu kifaranga wa kambale anapenda giza. Mwanga ukimpiga anahangaika na kusahau kula. Wakianguliwa utadhani nyusi zilizonyolewa zikaanguka majini: kichwa, uzi, basi. Wakishaanza kuota sharubu, ndipo mwenye mali anaanza kuwahesabu kuwa wake.

Mama Kambale aliwajaza. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama aliyempa mbegu ya kwanza: weka wengi, pampu isizimike, uchafu unyonywe chini asubuhi na jioni, na kila baada ya siku chache wapitishwe kwenye chekeche ili wakubwa wakae na wakubwa wenzao. Kazi hiyo aliifanya msimu wa kwanza mpaka vidole vikakunjamana kama vya mwoshaji nguo. Msimu huu wa pili mama yake mzazi akaugua, naye akaenda kumuuguza, matangi akawaachia mumewe na wifi yake.

Sasa Gundi ni mtu wa huruma, na huruma haikai kimya ndani ya mtu asiyejua kazi. Aliinua turubai akaona vifaranga wamejaa tangini, wanachemka kama maharage sufuriani, huyu tumbo juu ya kichwa cha yule. Akakumbuka chumba alicholelewa, ndugu tele kitanda kimoja, miguu ya mkubwa puani mwa mdogo. Akaja benchini akayasema hayo. Yakafuata mazungumzo fulani, hapo hapo juu ya mlango huo, ambayo asubuhi ya leo hakuna aliyekuwa na hamu ya kuyakumbusha. Alichofanya baada ya mazungumzo hayo kila mtu anakijua: alichukua tangi pana kuliko yote, akalijaza maji safi, akachota vifaranga kidogo tu akawahamishia humo waishi kwa raha.

— Na Shangazi alinizuia, Gundi akasema polepole. Aliniambia, "Kaka, wifi hajasema." Nikamwambia wifi yako akirudi atafurahi.

— Na alifurahi? akauliza Mstaafu.

— Alifurahi, mzee! Alinisifu! Wale wa tangi pana walikuwa wananenepa unawaona kwa macho. Wa tangi lililojaa wamedumaa, wembamba kama sindano. Akasema hawa wanono ndio wa yule mama mteja mwenye bwawa, na atakapokuja atachukua hao. Halafu wakaanza kupungua.

— Wanakufa.

— Hawafi. Samaki akifa anaelea, au anazama unamnyonya na uchafu. Hawa hawaelei, hawazami. Leo wapo, kesho wachache zaidi. Tangi zima ni maji tu na sharubu za kubahatisha.

— Na ufunguo wa chumba?

Gundi akatazama tena ng'ambo. — Anao Shangazi. Mama watoto akienda kupeleka mzigo, anayebaki nao ni yeye. Na yule jirani wa kona amesema alimwona anatoka mlango wa nyuma na ndoo imefunikwa kitambaa.

Benchi zima likaguna. Ndoo iliyofunikwa kitambaa ni jambo kubwa mtaani. Mtu anaweza kupita na jeneza watu wasigeuke, lakini apite na ndoo iliyofunikwa, watamsindikiza kwa macho mpaka anapopotelea.

— Ndoo si ushahidi, akasema Spana. Mimi nasema mwizi ni bomba.

— Bomba ulilifunga wewe.

— Ndiyo maana nasema kwa uhakika! Spana akapiga goti la Redio, maana lake mwenyewe halikuwa na nafasi ya kupigwa. — Tangi pana lina tundu la kupunguzia maji juu. Nililiwekea wavu. Sasa kifaranga akiwa mmoja kati ya wengi, anapita wapi? Foleni! Lakini wakiwa wachache, njia nyeupe. Anaona tundu, anajibana, anapita, anaingia kwenye bomba, huyo, mtaroni.

— Wavu una matundu madogo, Gundi akasema. Nimeupima kwa sindano yangu ya viatu. Haipiti.

— Sindano haina nia. Samaki ana nia.

— Na mtaroni tumetazama.

— Basi hakupita mtaroni. Kambale anatembea, jamani! Mvua ikinyesha anatoka bwawani anaburuzika kwenye nyasi anahamia bwawa jingine, hilo halina ubishi. Kama mkubwa anatembea nchi kavu, mdogo atashindwaje kupanda ukuta wa plastiki?

— Akishuka anakwenda wapi? akauliza Mama Birika. Chini ni sakafu ya saruji. Au anafungua na mlango kwa sharubu?

Watu wakacheka, hata Gundi akavuta mdomo upande mmoja. Ng'ambo, Shangazi alisikia kicheko, akageuza uso. Gundi akaufunga mdomo wake.

Alikuwa amemlea huyo. Mama yao alipokwenda shamba, yeye ndiye aliyembeba mgongoni, akimbembeleza kwa kumwonesha mchwa. Na leo angerudi kwa mama na begi na neno lile, na mama, ambaye hasikii vizuri lakini neno kama hilo angelisikia, angeuliza: na kaka yako alisema nini?

Kaka yake alikuwa anakunywa kahawa.

— Mimi nitawaambia, Redio akasema, akiinamia mbele kama mtu mwenye taarifa iliyofika sasa hivi. Hawa wanayeyuka.

— Toka hapa.

— Wanayeyuka, Spana! Mtoto wa samaki yule ni nini? Ni maji yenye macho. Wakiwa wengi wanashikiliana, huyu anamzuia yule, wanakuwa kitu kizito. Wakiwa wachache katika tangi pana, kila mmoja peke yake, upweke unamwingia, analegea, analegea, anarudi kuwa maji. Ndiyo maana hakuna maiti. Maiti ya maji ni nini? Maji!

— Mbona wewe upo peke yako miaka yote na hujayeyuka? Mama Birika akauliza.

— Mama, mimi ninakaa benchi hili. Nimebanwa pande zote. Ningekaa benchi refu ungenikuta tope.

— Na tena, Redio akaendelea, kwa kuwa wachekaji walimpa moto, kuna ule mnara wa simu uliosimamishwa nyuma ya shule. Tangu uwashwe, kitu kidogo hakikai. Hata sisimizi wamepungua. Nani hapa ameona sisimizi wiki hii?

— Nimewaona kwenye sukari yangu asubuhi, akasema Mama Birika.

— Hao ni wakubwa!

Mzee Mstaafu akainua mkono, na kwa kuwa alikaa katikati, mkono huo ulipita mbele ya nyuso mbili kabla haujafika juu.

— Baraza linyamaze. Mnazungumza habari za samaki kutembea na samaki kuyeyuka, na hapa tuna binadamu mwenye ufunguo. Katika mashauri yote niliyoandika, mwenye ufunguo alikuwa na neno la kujibu. Samahani, Gundi, najua ni damu yako.

— Ndoo ilikuwa ya maji machafu, mzee. Nimemuuliza. Yale yanayonyonywa chini ya matangi anampelekea yule bibi mwenye bustani, yanastawisha mboga. Bibi mwenyewe amekiri.

— Basi hakutumia ndoo! Mstaafu akasema, na hapo ndipo akili yake ilipovua viatu ikaanza kukimbia. — Mwizi mwenye akili hatumii ndoo. Fikirini. Kifaranga ana ukubwa gani? Hata shavu la mtu linaweza kumbeba. Anaingia, anainama kama anayenusa maji, anafyonza funda moja, anafunga mdomo, anatoka. Ukimsalimia anatikisa kichwa tu. Anakwenda kwa mtotoleshaji mwingine, anatema. Kesho tena.

Redio akajipapasa shavu.

— Nani amemsalimia Shangazi siku hizi akamjibu kwa mdomo? akauliza Redio kwa sauti ya chini.

— Siku hizi analia, Gundi akasema. Mtu akilia hajibu.

— Au amejaza, akasema Mstaafu.

— Mzee, Mama Birika akamkatiza, wewe ukinywa kahawa yangu nawe huongei mpaka umeze. Tukutie pingu?

Pazia la ng'ambo likavutwa. Mama Kambale akatoka na beseni la maji machafu, akayamwaga barabarani kwa nguvu, yakafika karibu na miguu ya benchi. Alikuwa mwanamke mrefu, mikono imelowa hadi viwiko, macho mekundu ya mtu ambaye naye hakulala. Akampita wifi yake pale kizingitini bila kumgusa, kama anavyopita mtu kwenye meza ya watu wengine.

— Baba watoto! Birika lina kiasi gani?

— Bado, mama. Bado lipo.

— Shemeji, hujambo? wakaimba wale watatu kwa pamoja.

— Sijambo, akasema, na kwa jinsi alivyosema ilikuwa dhahiri kwamba ni sijambo ya mdomoni tu. Akarudi ndani.

— Lina kiasi gani kweli? Gundi akamnong'oneza Mama Birika. Mama Birika akalitikisa. Lilitoa sauti ya maji kidogo chini kabisa, akageuza uso asimwoneshe.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja ambaye hakuna aliyemjua, anachechemea, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi imekatika kamba. Mpita njia tu. Alikuwa anaelekea kwenye shughuli zake, kiatu kikamsaliti mbele ya kibanda cha fundi viatu, na hiyo nayo ni bahati.

— Fundi, nitengenezee hii, nina haraka.

Gundi akaipokea bila kuitazama. — Kaa, dada. Songeni jamani.

Wakasonga. Yule mama akakalia kitasa. Wakambana, naye akawabana. Akapewa kikombe, kwa kuwa Mama Birika hampimi mgeni. Gundi akatoa kindoano na uzi, akaanza kushona kamba huku mjadala ukipita juu ya kichwa chake, mara samaki anatembea, mara anayeyuka, mara amebebwa shavuni. Spana sasa alikuwa na kunguru ndani ya hadithi yake. Redio alikuwa amehamisha mnara wa simu ukawa juu ya paa. Mstaafu alikuwa akieleza jinsi ya kumpima mtuhumiwa kwa kumfanya apige mluzi.

Yule mama alisikiliza mpaka kahawa yake ikafika nusu. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza njia:

— Samahanini. Kuna matangi mangapi?

— Yaliyo na vifaranga ni mawili, Gundi akasema. Moja limejaa, moja lina wachache.

— Na wanapungua matangi yote?

— Hapana. Lile lililojaa wapo vilevile. Wembamba lakini wapo. Wanapungua kwenye lile pana.

— Lile lenye wachache.

— Ndiyo.

— Sasa huyo mwizi, akasema yule mama, mbona anaacha tangi lililojaa, ambalo angechota hata bakuli mtu asijue, anakwenda kuiba kwenye wachache ambao kila mtu anawaona?

Spana akamtazama Redio. Redio akamtazama Mstaafu, maana maswali ya wezi yalikuwa ya Mstaafu. Mstaafu akatazama ndani ya kikombe chake kama kwamba jibu limeandikwa chini, na chini palikuwa na machicha.

— Labda anapenda wanono, akasema mwishoni, lakini kwa sauti ya mtu anayeuza kitu ambacho mwenyewe hangenunua.

— Wanono, Gundi akarudia.

Akasimama. Kandambili ya watu bado mkononi, uzi unaning'inia. Wanono. Siku zote walikuwa wakiwatafuta waliopotea: kwenye mtaro, kwenye wavu, kwenye ndoo, kwenye mashavu ya mdogo wake. Hakuna aliyewatazama waliobaki.

Akavuka barabara. Benchi lote likamfuata, isipokuwa Mama Birika asiyeweza kuacha birika, na yule mama aliyekuwa na kiatu kimoja.

— Shangazi, inuka, Gundi akasema alipofika kizingitini. Njoo ushike taa.

— Mimi si wa kuingia humo tena, kaka. Nimekatazwa.

— Nakuingiza mimi.

Chumba kilikuwa na giza na joto, na harufu ya maji yaliyokaa. Pampu ilinguruma. Mama Kambale alisimama karibu na tangi lililojaa akinyonya uchafu kwa mpira, akageuka kuona mumewe, wifi yake mwenye taa, na wanaume watatu wamebanana mlangoni kama wanapiga picha.

— Birika limeisha?

— Karibu. Naomba bakuli jeupe.

Alimpa, labda kwa mshangao. Gundi akakunja upande mmoja wa turubai lililofunika tangi pana. Shangazi akainua taa. Walikuwa wachache kweli. Na hawakuwa wamekusanyika kama wale wa tangi jingine. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha tangi, huyu kwenye pembe, yule chini ya mpira wa hewa, na mwingine akikaribia, mwenye kona anamtokea mbiombio, mdomo wazi, mpaka yule ageuke. Gundi akachota mmoja, mkubwa kupita wote, akamweka kwenye bakuli jeupe, akalisogeza kwenye mwanga.

Alikuwa mnene kama kidole gumba cha mtoto. Tumbo limevimba likawa na mfano wa mtungi. Na mdomoni, katikati ya sharubu zake, ulitoka mkia. Mkia wa samaki mwingine, mwembamba, bado unapepea.

— Ana mikia miwili, Redio akanong'ona.

— Ana wake mmoja, akasema Mama Kambale. Huo mwingine ni wa nduguye.

Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Akalitazama lile bakuli. Akasema kama anayejisemea.

— Nilijua wanalana. Nani asiyejua kambale wanalana? Ndiyo maana tunawachekecha. Lakini mimi nilidhani wanalana kwa kubanana. Nikasema hawa wana nafasi, hawa wana raha, hawa hawana sababu. Kuwachekecha hawa niliona ni kupoteza muda.

— Mwenye nafasi ndiye anapata pa kugombania, Shangazi akasema. Ndilo neno refu alilolisema tangu jana. — Na chakula, wifi. Kwa wale waliojaa, popote kinapoangukia kuna mdomo. Hapa kinaangukia mbali, kinazama. Aliye karibu ni nani? Mwenzake.

— Uliyaona haya?

— Niliona wanafukuzana. Nikasema labda wanacheza. Nilitaka kukwambia, ukawa umeshaanza kuniita mwizi.

Spana akakohoa bila kuwa na kikohozi.

Mama Kambale akasimama, akafuta mikono kwenye nguo. — Wifi, niletee lile chekeche. Tuwatoe wakubwa, hawa wadogo tuwarudishe kwa wenzao, na wale waliojaa tuwapunguze kidogo wapate kukua, ila kidogo, wasipate makao. Chakula tuwape mara nyingi. Shika taa hapa.

Shangazi hakusogea. Taa ilibaki mkononi mwake, mwanga ukiwa chini.

— Mwizi ndiye akushikie taa?

— Wifi, yameisha.

— Yameisha humu ndani. Ulinisema barabarani. Yule jirani wa kona alikuwepo, na wenye benchi walikuwepo, na mama muuza kahawa. Kama yameisha, yaishie yalikoanzia.

Wanaume watatu wakarudi nyuma kwa hatua ndogo ndogo, wakijifanya mlango ndio unaosogea. Gundi akataka kusema neno la kusuluhisha, akaona mkewe anamtazama, akalimeza. Mama Kambale alikuwa na kiburi, hilo lilijulikana, na kiburi chake ndicho kilichokuwa kinaendesha matangi. Lakini alikuwa mtu wa haki pia, akishaona kitu kwa macho hakifukii. Akalitwaa bakuli na samaki wake, akatoka nje hadi katikati ya barabara.

— Nyie mlio hapa, na wewe wa kona, najua uko nyuma ya dirisha! akasema kwa sauti ile ile ya jana. Mwizi wa vifaranga vyangu huyu hapa, bakulini, mwenye kutaka kumwona aje amwone. Wifi yangu hakuiba kitu. Nilimsema vibaya na nimekosa. Atakayemwita mwizi baada ya leo, amenitukana mimi.

Dirisha la kona likafungwa taratibu.

Gari la mchanga likatokea, likasimama, likapiga honi. Binamu akatoa kichwa nje, vumbi mpaka kwenye nyusi.

— Abiria wangu yuko wapi?

Shangazi alikuwa ameshaingiza begi ndani kwa mguu, kwa kulisukuma, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na chekeche. — Nenda tu, binamu! akaita kutoka ndani. Nina samaki wa kupanga. Msalimie mama, mwambie nitakuja na kitoweo!

Gari likaondoka. Wanaume wakarudi benchini mmoja mmoja, Gundi nyuma yao, kandambili bado mkononi. Alimalizia mishono miwili, akakata uzi kwa meno, akamkabidhi mwenyewe.

— Nenda nayo, dada. Gharama ya leo ni yangu.

Yule mama akaivaa, akaijaribu chini, akaridhika. Lakini hakuondoka mara moja. Alikuwa amesikia kila kitu kutoka barabarani, na kuna kitu kimoja kilikuwa kimebaki kinamkera.

— Nimeelewa yote, akasema. Ila kwani nani aliyewaambia samaki wapewe nafasi?

Mama Birika akalichukua birika akaligeuza juu chini. Likatoa tone moja. Naye alikumbuka vizuri siku ile Gundi alipokuja benchini na huruma yake, maana ndiye aliyekuwa akimimina: nani alipiga meza isiyokuwepo, nani alisema binadamu na samaki wote ni viumbe, nani alitaja kitanda cha mapacha. Akawatazama mmoja mmoja, tena akitabasamu, kikongwe yule.

Spana akamsogelea Redio. Redio akamsogelea Mstaafu. Mstaafu akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa kibanda. Wakabanana pale juu ya mlango kuliko walivyowahi kubanana, na hakuna hata mmoja aliyemuuma mwenzake.